Nyimbo Tulizozijua Kabla ya Kuziona

Mwanamuziki wa benga Kakai Kilonzo alipofariki mwaka 1987, kijijini kwetu Makueni alililiwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumtia machoni. Sauti yake walikuwa nayo, kwenye santuri ndogo za bendi yake, Les Kilimambogo Brothers, zilizoletwa kutoka Nairobi, na kwenye kipindi cha Kikamba cha Sauti ya Kenya ambacho maboma matatu yalikisikiliza kwa redio moja. Uso wake ndio uliokosekana, kwa hiyo kila mtu alijichorea Kakai wake. Mjomba aliapa kwamba ni jitu refu lenye mabega mapana. Mama alishikilia kuwa ni mfupi, kwa sababu mtu mrefu hawezi kuwa na sauti ya namna ile. Ubishi huo haukuwahi kuamuliwa, na sidhani kuna aliyetaka uamuliwe.

Wakati huo Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Ilipata wilaya yake mwaka 1992. Sisi tuliishi karibu na mto Athi. Ng'ambo ni Kitui, na mto ukifurika watu walikwama, lakini nyimbo zilivuka. Ndivyo alivyotufikia Katelina wa wimbo wa Kalambya Sisters mwanzoni mwa miaka ya themanini, yule msichana mpenda dansi na pombe ya karubu ambaye mimba haimwachi. Kina mama waliokwenda kuteka maji walikuwa tayari wameamua Katelina ni binti wa nani, anakaa kilima gani, na mamake alikosea wapi. Benga ya Kikamba ya enzi hizo ilikuwa na desturi ya kutaja: jina la mtu, la soko, la baba mkwe mgumu wa mahari. Kwa kuwa msikilizaji hakuwa na picha, ilibidi wimbo umpe yote, na nyimbo nzuri zilimpa.

Picha zilipokuja, zililetwa na Serikali. Gari la sinema la Wizara ya Habari lilikuwa likifika uwanja wa shule mchana, kipaza sauti kikitangaza njia nzima, na jioni shuka jeupe linatundikwa kati ya nguzo mbili. Tulionyeshwa jinsi ya kuchimba matuta, jinsi ya kuogesha ng'ombe, halafu ziara za Rais na kwaya zilizompokea. Jenereta ilinguruma hata maneno ya wimbo yakapotea, ukabaki unaona midomo ikifunguka na kufumba. Sisi watoto tuligundua kwamba sinema inaonekana pia ukiwa nyuma ya shuka, tena huko hakuna wa kukusukuma. Tatizo ni kwamba kila kitu kiligeuka: maandishi yalisomeka kinyume, na wapiga gitaa wote walikuwa wa mkono wa kushoto. Kwa muda mrefu nilidhani wanamuziki huzaliwa hivyo.

Runinga ya kwanza niliyoitazama kwa raha ilikuwa ya mwalimu mmoja jirani: Great Wall nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Betri ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, ikirudi Ijumaa inalindwa hadi Jumapili, siku ya kwaya kwenye kipindi cha Sing and Shine. Kijana mmoja alitumwa nje kuzungusha antena. "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Yeye hakuona kipindi.

Kwenye runinga hiyo ndipo nilipoona ngoma za kwetu kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Lilikuwa Tamasha la Muziki la Kenya, washindi wakitumbuiza mbele ya Rais, na ikafika zamu ya wanafunzi waliocheza kilumi. Walivaa vizuri, walipiga ngoma vizuri, hakuna aliyekosea hatua. Susu, yaani bibi yangu, aliyekuwa amecheza kilumi tangu ujana wake, alitazama mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na mgonjwa yuko wapi?"

"Hakuna mgonjwa, susu," nikamwambia. "Ni mashindano."

"Basi wanamchezea nani?"

Kilumi kwa Wakamba ni ngoma ya kinamama wazee. Huchezwa kuomba mvua na kumtuliza mtu aliyesumbuliwa na pepo. Kuna anayechezewa. Kwenye kioo huyo alikuwa ametolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na kamera. Nimetazama muziki mwingi kwenye vioo vya kila aina tangu siku hiyo, na mara nyingi swali la susu ndilo ninaloanza nalo.

Filamu iliyolijibu vizuri kuliko zote ilitoka mbali na kwetu. Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa sekondari, ile burudani ya Jumamosi usiku tuliyoiita ento ilituletea deki ya kukodi na kanda ya Sarafina!. Viti vya bwalo vilibebwa vikapangwa mbele ya runinga ndogo, waliokaa nyuma wakisimama juu ya meza. Filamu hiyo ya 1992, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, inasimulia wanafunzi wa Soweto na machafuko ya 1976. Tulikuwa rika lao, tumevaa sare kama wao. Lakini kilichotushika zaidi ni kwamba hakuna aliyeimba ili aonekane anaimba. Sarafina, yaani Leleti Khumalo, anazungumza na picha ya Mandela aliye gerezani. Wanafunzi wanawaimbia askari, wanawaimbia waliozikwa. Kila wimbo ulikuwa na mwenyewe. Mamake Sarafina anaigizwa na Miriam Makeba, na miaka ilipita kabla sijajua kwamba ndiye yule yule aliyekuwa akituimbia Malaika kwenye redio. Naye tulimjua kwa masikio kwanza. Wiki nzima bweni liliimba Kizulu tusichokielewa, na viranja wakachoka kutunyamazisha.

Baadaye zikaja kanda za kwaya, na hapo Ukambani ikanaswa kabisa. Hilo lina chanzo chake. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na kanisa lililozaliwa pale likaenea hadi Tanzania. Karne moja baadaye mkondo uligeuka: kwaya za huko, kama AIC Makongoro ya Mwanza, zikawa zinatufundisha sisi jinsi ya kusimama mbele ya kamera. Ambassadors of Christ wa Kigali walipotoa Kwetu Pazuri, DVD ile ilichezwa kwenye matanga, harusi na matatu. Mei 2011 walipopata ajali wakitoka Tanzania na kupoteza waimbaji watatu, watu wa miji yetu ya Wote na Kibwezi waliomboleza watu waliowajua kwa sura. Hiyo ndiyo tofauti na msiba wa Kakai.

Ubaya ni kwamba waimbaji wetu waliiga mavazi na bustani, wakaacha mengine. Kwa miaka kadhaa video ya injili ya Kikamba bila maua na chemchemi ya maji haikuhesabiwa kuwa video. Nakumbuka moja ambayo mwimbaji aliomboleza ukame wa kwao huku nyuma yake maji yakiruka juu, nyasi kijani kibichi. Milima yetu, migunga, mchanga wa mito mikavu, vyote vilionekana aibu kupigwa picha. Wimbo ulisema hadithi moja na kioo kikasema nyingine.

Benga ilichelewa kidogo kufika kwenye video, lakini ilipofika haikuwa na haya hiyo. Siku za soko, vibanda vya DVD vilipanga runinga nje, spika zikielekezwa barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mwanabenga Ken wa Maria na wimbo wake Fundamentals alitoka kwenye vibanda hivyo akaingia kwenye runinga za taifa. Nyaya za intaneti zilikuwa zimefika pwani mwaka 2009, simu zikashuka bei, na vibanda vikaanza kufungwa kimoja kimoja. Waliokuwa wakiviendesha walilalamika kwamba YouTube imewaua. Wanamuziki nao walikuwa wamelalamika miaka yote kwamba vibanda ndivyo vinavyowaua, kwa kuchoma kazi zao na kuziuza kwa bei ya soda.

Siku hizi video nyingi za benga ninazoletewa ni za ukumbini, zimepigwa kwa simu. Mwimbaji kama Maima au Katombi yuko jukwaani, na katikati ya gitaa anaanza kutaja watu: fulani wa Emali, fulani wa Mwingi, dereva fulani, mwenye duka fulani. Kamera inageuka kumtafuta anayetajwa, naye anainua mkono. Kisha video inakwenda mtandaoni, na chini yake wanajitokeza walioko Saudia na Marekani, kila mmoja akiandika anakotazamia, akitumaini safari ijayo atatajwa yeye. Anayeimbiwa amerudi kwenye picha, tena anaonekana.

Furaha yangu si kamili, kwa sababu kutajwa sasa kuna bei. Mwenye mfuko mzito hutajwa mara nyingi, na majina yakizidi hadithi inasukumwa pembeni. Nimesikiliza nyimbo ndefu ambazo ubeti wa kwanza unaanza kisa kizuri cha ndoa au shamba, halafu kisa hakirudi tena. Zinabaki salamu hadi mwisho. Katelina leo angetajwa mara mbili, akiwa amelipiwa na mjomba wake, na tusingejua kilichompata.

Hadithi yenyewe haijatushinda. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa filamu ya kufuatilia historia ya benga na kuwapa nafasi wakongwe wasimulie wenyewe. Mwaka 2017 dunia ilitazama Thank You for the Rain, filamu ambayo Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, aliitengeneza na Julia Dahr wa Norwei, akijipiga picha mwenyewe, familia yake, ukame na mafuriko. Hakuwa amesomea kamera. Alijua tu ana jambo la kusema na anamwambia nani. Mwanabenga atakayeshika simu kwa nia hiyo, akapiga wimbo wenye kisa kamili mahali kisa kilipotokea, hatakosa watazamaji Kitui na Makueni. Na kina mama wa kilumi waliobaki wapigwe picha wakiwa kazini, wenyewe na mgonjwa wakikubali, na wanaochezewa wakiwemo.