Ugonjwa Unaokuja na Kuondoka

Peugeot 504 ya baba haikuwa na taa ya injini. Dashibodi yake ilionya kuhusu mambo machache, kama oili na chaji. Mengine yote yalijulikana kwa sikio, pua na vidole. Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, baba alifungua boneti, akawasha injini, akachukua bisibisi ndefu. Ncha aliigusisha kwenye chuma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Nikianza kuuliza swali, aliniinulia kidole. “Nyamaza kwanza. Inasema.”

Baadaye alizima, akafungua plagi moja moja na kuzipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Alinifundisha kuzisoma. Plagi nyeusi yenye masizi: petroli imezidi. Plagi nyeupe kama chokaa: hewa imezidi. Kahawia hafifu: injini ni nzima. Gari likimisi, washukiwa walikuwa wachache na wote walionekana kwa macho: platini, kondensa, plagi, waya, kabureta iliyoingia uchafu.

Kilichomsumbua baba ni hitilafu iliyotokea leo, ikapotea kesho, ikarudi wiki ijayo akiwa njiani. Kwa hiyo alikuwa na daftari ndani ya gari. Aliandika siku, saa, mvua au jua, mlima au tambarare. “Ugonjwa unaokuja na kuondoka una saa zake,” alikuwa akisema. “Zijue saa zake, utamjua mwenyewe.”

Mwaka 2005 nilinunua gari langu la kwanza, Corolla 110 iliyotengenezwa mwaka 1997, yenye injini ya 5A-FE, iliyoletwa ikiwa imetumika Japani. Haikuwa na kabureta wala platini. Kompyuta ndogo ndiyo iliyopima petroli ya kumwagwa kwenye silinda, ikitegemea habari za sensa zilizotapakaa kwenye injini. Nilidhani elimu ya baba imefika mwisho wake.

Miezi mitano baadaye, kati ya Muheza na Segera, taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka. Niliegesha, nikafungua boneti, nikasikiliza. Injini ilinguruma kama kawaida. Niliendelea na safari kwa hofu, na kabla sijafika Segera taa ikazimika yenyewe. Wiki ile iliwaka tena mara mbili, ikazimika mara mbili.

Fundi wa kwanza alifungua terminali ya betri, akangoja kidogo, akairudisha. “Tayari, kaka.” Zilipita siku nne tu, taa ikarudi. Sikujua wakati ule kwamba alichokifuta si hitilafu bali kumbukumbu ya kompyuta, shahidi pekee niliyekuwa naye.

Fundi wa pili alijua zaidi. Alifungua kisanduku cha plastiki chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC, akachukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, kisha akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ile ile iliyonitia hofu ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikatulia, mara mbili tena. Namba 22. Nilisisimkwa. Gari lilikuwa limesema, kwa lugha ambayo baba hakuwahi kuisikia. Namba 22 ni ya sensa ya joto la maji, akasema fundi, basi sensa imekufa. Nikanunua sensa. Baada ya siku kumi taa ikarudi na namba ile ile. Nikanunua nyingine kwenye duka jingine. Ikarudi. Jirani mmoja akanishauri nitoe globu ya taa nipate amani. Nilikataa, kwa sababu globu ikitolewa hitilafu haitoki. Kinachotoka ni habari yake.

Ndipo nilipoelekezwa kwa fundi mzee aliyekuwa na gereji ndogo Barabara ya 12. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijamaliza hadithi yangu akauliza, “Huwa inawaka lini, mwanangu?”

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, na sikuwa na jibu. Akanirudisha nyumbani na gari langu bila kuligusa. Alitaka wiki mbili za maandishi. Nilinunua daftari la shilingi chache, na nilipoandika mstari wa kwanza nilimkumbuka baba. Katika wiki mbili taa iliwaka mara tisa. Mara saba kati ya hizo ilikuwa baada ya mvua, baada ya kuoshwa gari, au kwenye mashimo ya njia ya Pangani. Kwenye lami kavu ilikuwa nadra. Niliandika pia kwamba petroli ilikuwa ikiisha upesi kuliko zamani.

Mzee alisoma daftari kwa makini kama mtu asomaye barua ya nyumbani. Kisha akafungua plagi na kuzipanga juu ya kitambaa. Zote nne zilikuwa nyeusi. Nilizisoma kabla hajafungua kinywa: petroli imezidi.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo sitalisahau. Alibandika sufuria ya maji jikoni, akatumbukiza ncha ya sensa, akaunganisha mita ya umeme. Maji yakiwa ya kawaida, mita ilionyesha ukinzani wa zaidi ya omu 2,000. Kadiri yalivyopata moto, namba ilishuka taratibu bila kuruka, mpaka yakikaribia nyuzi 80 ikawa kama omu 300. Sensa nzima. Akapima na ile ya zamani niliyoitupa kwenye buti. Nzima pia.

Akageukia soketi. Alipoivuta raba yake, ndani kulikuwa na kutu ya kijani, ile inayoletwa na maji na hewa ya chumvi ya pwani. Nyuma kidogo ya soketi waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, zimebaki nyuzi mbili tatu zinazoshikana na kuachana. Alirudisha kila kitu, akawasha injini, akautikisa waya kwa vidole viwili. Taa ikawaka. Akauachia, ikazimika.

“Namba haikukwambia sensa ni mbovu,” alisema. “Ilikwambia habari ya joto haifiki. Barua isipofika, usimlaumu aliyeiandika kabla hujaulizia njiani.”

Akanieleza yaliyobaki. Waya ulipokatika kabisa, hata kwa sekunde, kompyuta iliona na kuwasha taa. Lakini kutu ilipoongeza ukinzani bila kukata, kompyuta ilidhani injini bado ya baridi, ikamwaga petroli zaidi, wala haikuwasha taa yoyote. Hasara yangu kubwa ilitokea taa ikiwa imezimika. Mzee alikata sehemu iliyooza, akaunga waya mpya kwa risasi, akabadilisha soketi. Malipo yake hayakufikia bei ya sensa moja. Niliendesha gari lile mpaka mwaka 2013 na namba 22 haikurudi.

Mwaka uliofuata nilinunua Toyota ist, na hapo kipande cha waya kikastaafu. Chini ya dashibodi kuna soketi yenye nafasi 16, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli ya 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia mwaka 2001. Sheria zile zilitungwa kwa ajili ya moshi unaochafua hewa ya miji, na ndiyo maana taa hii inaweza kuwaka gari likiwa bado linakimbia vizuri.

Taa ya ist ilipoanza kuwaka na kuzimika, mashine ilisoma P0171: hewa imezidi petroli. Kijana wa gereji alitaka kubadilisha sensa ya oksijeni. Nilimwomba kwanza afungue kumbukumbu ya tukio, kwa sababu kompyuta huhifadhi hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea. Tuliona gari lilikuwa limesimama na injini ina moto. Tukaiacha injini ingurume taratibu: kompyuta ilikuwa ikiongeza petroli kupita kiasi. Tulipokanyaga mafuta, nyongeza ikapungua. Hiyo ni dalili ya hewa inayoingia kwa njia ya wizi. Tukapuliza dawa ya kusafishia kabureta karibu na mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mpira wa tatu sauti ya injini ilibadilika. Nililisikia badiliko lile kwa sikio nililopewa na baba.

Leo kifaa kidogo cha kuchomeka kinatuma namba hizo kwenye simu yangu, na daftari bado liko kwenye gari. Ndugu msomaji, taa yako ikikonyeza mfululizo na injini inamisi, punguza mwendo na usiende mbali, maana petroli isiyoungua inaharibu kisafisha moshi kwenye ekzosi. Ikiwaka na kuzimika, usiseme imepona. Isomwe namba kabla betri haijafunguliwa, andika ni lini inawaka, kagua soketi na waya, kisha ndipo uende duka la spea.