Mwezi Hauna Wiki Nne

Mwezi wangu wa kwanza Leeds nilikosana na mwenye nyumba kwa sababu ya paundi 50. Tangazo la chumba lilisema paundi 150 kwa wiki, nami nikapiga hesabu ya kwetu Laini Saba, Nairobi: wiki nne, paundi 600. Yeye akadai 650. Nikajua tu, mgeni ananyonywa. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: 150 mara wiki 52, gawa kwa miezi 12. Jibu ni 650 kamili. Shuleni tulikariri kwamba mwezi una wiki nne, lakini nne mara 12 ni 48. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepoteza wiki nne za mwaka, na hakuna aliyewahi kunidai.

Nyumbani zisingedaiwa, kwa sababu hakuna aliyelipia kitu kwa wiki. Kodi ilikuwa ya mwezi, na keyateka alibisha mlango tarehe tano, mwezi uwe wa siku 28 au 31. Pesa nazo ziliingia kwa siku. Majirani walitoka alfajiri, wakafuata reli kwa miguu hadi Industrial Area, wakasimama getini kungoja kibarua. Mama alifua nguo za watu Kilimani na Kileleshwa, akalipwa jioni. Mwezi wake haukuwa na siku 30. Ondoa Jumapili, ondoa siku za mvua, ondoa siku alizokaa kando ya barabara na wenzake hadi saa sita bila kuitwa na mtu. Zilizobaki, labda 18, ndizo zililisha nyingine zote. Januari tuliita Njaanuari, na haikuwa mzaha.

Uingereza mtu hupandishwa na kuteremshwa ngazi ya siku, mwezi na mwaka bila kutoka jasho. Mshahara wangu katika nyumba ya wazee unahesabiwa kwa saa, lakini mkataba unanionyesha jumla ya mwaka. Kodi ya halmashauri hutangazwa ya mwaka, kisha hukatwa mafungu kumi, Aprili hadi Januari. Februari na Machi unapumua. Benki inalipa yenyewe tarehe ikifika. Anayetangaza mkopo naye analazimishwa na sheria kuonyesha riba yake kwa kipimo cha mwaka, hata kama mkopo ni wa wiki mbili.

Kwetu, muda huuzwa umeshakatwakatwa. Julai 2020 Safaricom na Google walileta Lipa Mdogo Mdogo: weka shilingi 1,000, beba simu, kisha lipa 20 kila siku. Ishirini ni bei ya chapati. Lakini 20 kwa mwezi ni 600, na mtu anayeuziwa kwa siku ni nadra aulize ya mwezi. M-Shwari, huduma ya mikopo kwa simu, tangu Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Saba na nusu haimtishi mtu. Anayekopa mara moja mtoto akiugua hana hasara kubwa. Anayelipa leo na kukopa tena kesho, mwezi baada ya mwezi, amefika asilimia 90 kwa mwaka.

Tusiwapambe Waingereza, lakini. Mikopo yao midogo ya muda mfupi iliwekewa kikomo Januari 2015: asilimia 0.8 kwa siku. Zidisha kwa 30, ni asilimia 24, zaidi ya mara tatu ya M-Shwari. Tofauti ni kwamba wao bei ya mwaka imeandikwa kwenye tangazo.

Wala kununua kidogo kidogo si ujinga. Mboga yetu inaitwa sukuma wiki, lakini hununuliwa ya jioni moja, maana pesa nazo ni za jioni moja. Kutoka mwaka kuteremka hadi siku ni rahisi, wauzaji watakusaidia. Kazi ni kupanda.

Tazama bima ya afya kwetu Kenya. NHIF ilimtoza mtu asiyeajiriwa shilingi 500 kila mwezi. Oktoba 2024 ikaja SHA badala yake, na kima cha chini kikashuka hadi 300 kwa mwezi, ila zilipwe za mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Ofisini hesabu inapendeza, maana haifiki shilingi kumi kwa siku. Mama aliniambia kwa simu: "Mwanangu, kumi ninayo kila siku. Elfu tatu na mia sita nikiipata, kodi imeshaiona kabla yangu." Mwaka 2025 serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, ukopeshwe mchango wa mwaka kisha uulipe kidogo kidogo.

Ngazi ya kupanda, akina mama wa Laini Saba waliijenga wenyewe zamani. Chama cha mama kilikuwa na watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 100 jioni, na 2,000 zikaenda kwa mmoja kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kibaba kiwepo, na chetu kilikuwa kile chama. Viatu vyangu vya kuingia kidato cha kwanza vilitoka humo.

Sasa nafanya hesabu nyingine. Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kilipanda hadi paundi 12.21 kwa saa. Ukibadilisha kwa shilingi, mwaka mzima wa SHA wa mama haufikishi saa mbili za zamu yangu. Ndugu yangu wa ughaibuni, ukituma pesa nyumbani, uliza kwanza ni nini kinachodaiwa kwa mwaka, ulipe hicho. Vya siku wanavimudu kuliko wewe.