Mtoto akipigana, tusikimbilie kulaumu gemu

Tangu nianze kuandika habari za afya miaka mitano iliyopita, kuna maswali yanayonifuata mpaka msibani. Zamani yalikuwa ya presha na sindano za uzazi wa mpango. Siku hizi mtu akishajua kazi yangu, hasa akiwa mama mwenye mtoto wa kiume, anasogeza kiti na kuniuliza: "Hivi haya magemu ya kuuana hayawezi kumfanya mtoto akawa mkatili kweli?"

Wanaouliza wana haki. Kaa karibu na mtoto wa miaka 12 anayecheza PUBG au Free Fire usikilize maneno yanayomtoka: "Yuko nyuma ya ukuta, muue! Mmalizie!" Anayasema akiwa ametulia kabisa, mguu mmoja juu ya kochi, mdomoni anatafuna kashata. Kwenye GTA mchezaji anaweza kumshusha dereva kwenye gari lake, akampiga na kuondoka nalo, na mchezo ukaendelea kama hakuna kilichotokea. Mzazi akiona hivyo asipate wasiwasi, mimi nitamshangaa yeye.

Katikati ya mwaka huu swali hilo liliingia kwetu. Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la saba, alimpiga mwenzake shuleni mpaka mdomo ukapasuka. Alichapwa viboko, mama yake akaitwa, na mwalimu akamweleza kuwa watoto wa siku hizi wanaharibiwa na gemu. Dada alirudi nyumbani akachukua simu. Jioni shemeji naye akavua mkanda. Usiku dada akanipigia: "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya? Niambie hizi gemu zinamfanya nini mwanangu."

Nikamwomba siku chache nisome.

Hofu yenyewe si ya kwetu peke yetu. Ilipata nguvu sana Marekani baada ya Aprili 20, 1999, siku ambayo wanafunzi wawili wa Shule ya Sekondari ya Columbine, katika Jimbo la Colorado, waliingia shuleni na bunduki, wakaua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Ilipojulikana kuwa walipenda kucheza Doom, gemu ya kupiga risasi, watu wengi waliona wameshapata maelezo. Mwaka 2005 Jimbo la California likapitisha sheria ya kuzuia gemu za ukatili kuuzwa kwa walio chini ya miaka 18. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na mwaka 2011 majaji saba dhidi ya wawili waliitupa sheria hiyo. Sababu kubwa ilikuwa uhuru wa kujieleza, lakini mahakama ilisema pia kwamba tafiti zilizoletwa mbele yake hazikuthibitisha kuwa gemu ndizo zinazowafanya watoto wawe wachokozi.

Tafiti ndizo zilizonichukua muda. Jambo la kwanza nililomweleza dada ni kwamba watafiti wanatenganisha vitu viwili ambavyo sisi nyumbani tunavichanganya. Kuna uchokozi: kufoka, kusukumana, kutukana, kutaka kulipiza. Halafu kuna ukatili: kumjeruhi mtu, kumchoma kisu. Tafiti nyingi hupima hicho cha kwanza, halafu mtaani tunazungumzia cha pili.

Na wakati mwingine hata hicho cha kwanza hupimwa kwa namna ya kuchekesha. Katika baadhi ya majaribio, kijana hucheza gemu kwa muda mfupi, kisha anaambiwa ampimie mtu mwingine pilipili, mtu ambaye ameambiwa kabisa kuwa haipendi. Akimimina nyingi, anahesabiwa kuwa mchokozi. Kwa kipimo hicho, shangazi zangu wa Tanga wangekuwa wameshafungwa.

Lakini zipo tafiti za maana zaidi, zinazofuatilia watoto kwa miezi au miaka. Mwaka 2018 watafiti wa Dartmouth College cha Marekani walikusanya tafiti 24 za namna hiyo, zenye jumla ya zaidi ya watoto na vijana 17,000 wa miaka 9 hadi 19. Walikuta kuwa waliocheza gemu za ukatili waliongezeka tabia ya kupigana baadaye, ila kwa kiasi kidogo. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza zaidi ya vijana 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Hawa walifanya jambo nililolipenda: badala ya kumwuliza kijana kama yeye ni mkorofi, walimwuliza mzazi wake. Hawakuona uhusiano wowote kati ya gemu za ukatili na uchokozi. Ujerumani nako, watu wazima walichezeshwa GTA kila siku kwa miezi miwili, wakapimwa kabla na baada, na hawakuonekana kuwa wakali kuliko wengine.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa upande wa wenye wasiwasi, kilitoa tamko jipya Machi 2020. Kilisema uhusiano mdogo upo kati ya gemu hizo na mambo kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuziunganisha na ukatili wenyewe. Kikaongeza kuwa kuzilaumu gemu kunatuondoa macho kwenye sababu nyingine. Mimi huongeza na Japani: nchi iliyozaa PlayStation na Nintendo, watoto kwa wazee wanacheza, na bado ni miongoni mwa nchi zenye mauaji machache zaidi duniani.

Kwa hiyo nilimpa dada jibu fupi. Gemu huenda ikamwongezea mtoto ukorofi kidogo, na hata hilo wataalamu bado wanabishana. Mdomo wa mtoto wa watu uliopasuka, sababu yake tuitafute kwingine pia.

Jumamosi nikaenda kwao. Nilimkuta mpwa wangu amekaa kibarazani, simu hana, cha kufanya hana. Nikamwuliza kilichotokea, kwa sababu kadiri nilivyoelewa hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwuliza. Wote walikuwa wameshajua. Akasema yule mwenzake alikuwa akimnyang'anya hela ya chakula tangu muhula uanze. Nikamwuliza kwa nini hakusema kwa mwalimu. Akanyamaza. Kisha akaniambia, "Mamdogo, nilimkanya mara mbili hakusikia. Mtu ukimkanya asiposikia si unampiga?"

Sentensi hiyo haipo kwenye PUBG. Naijua ilikotoka, na wewe unaijua. Ndiyo tunayoisema karibu wote tukiwa tumeshashika fimbo. Siku ile mtoto mmoja alimpiga mwenzake, na watu wazima wawili, kwa zamu, wakampiga yeye ili kumfundisha kwamba kupiga ni vibaya.

Hapa ndipo takwimu za kwetu zinaposema kwa sauti kuliko zile za Oxford. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Karibu vijana watatu kati ya kila wanne, wa kike na wa kiume, walisema kabla ya kufika miaka 18 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili: kupigwa makofi, ngumi, mateke au kuchapwa. Waliotajwa zaidi kuwapiga walikuwa ndugu wa nyumbani na walimu.

Upo na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa na wanasaikolojia kutoka Ujerumani kwa watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa, na waliopigwa zaidi ndio walioonyesha zaidi ukorofi na ugomvi, huku moyo wa kusaidia wenzao ukiwa mdogo. Msomaji makini atasema: labda wakorofi ndio wanaopigwa zaidi, si kwamba kupigwa kumewafanya wakorofi. Ni hoja nzuri, na utafiti unaopima mara moja hauwezi kuijibu. Inajibiwa na tafiti zinazofuatilia. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto karibu 2,500. Waliokuwa wakichapwa mara kwa mara wakiwa na miaka mitatu walionekana kuwa wachokozi zaidi walipofika mitano, hata baada ya watafiti kuhesabu uchokozi waliokuwa nao mwanzoni. Na mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti 75, zilizogusa zaidi ya watoto 160,000, ulikuta kuchapwa kukiambatana na uchokozi zaidi, si pungufu.

Nilipomweleza shemeji haya, alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema kile ambacho kila baba husema: "Shemeji, sisi tulipigwa na tumekuwa watu." Ni kweli tumekuwa watu. Hata hao vijana wa gemu wengi wao wanakuwa watu. Ila kama tunaipa gemu kesi kwa ushahidi mdogo hivi, na fimbo yenye ushahidi mkubwa zaidi tunaiacha iendelee kukaa juu ya kabati, basi hatutafuti kinachomharibu mtoto. Tunatafuta cha kulaumu.

Sisemi simu irudishwe tu mambo yaishe. Gemu zina madhara yake, ila mengi si yale tunayoyaogopa. La kwanza ni usingizi. Mpwa wangu, tulivyokuja kugundua, alikuwa akinunua bando la usiku kwa sababu ni rahisi, anacheza mpaka saa nane, saa kumi na moja na nusu anaamshwa kwenda shule. Mtoto wa miaka 13 anahitaji kulala saa nane hadi 10. Mtu mzima mwenyewe ukimlaza saa tatu na nusu kwa mwezi mzima, ataongea na nani vizuri? Hasira nyingi tunazodhani zimetoka kwenye bunduki za kwenye skrini zimetoka kwenye kukesha.

La pili ni uraibu. Shirika la Afya Duniani limeuingiza kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtoto kushindwa kujizuia, gemu kuchukua nafasi ya kila kitu, na kuendelea kucheza hata mambo yake yakiharibika, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12 au zaidi. Kucheza sana wakati wa likizo hakutoshi kumwita mtoto mraibu. La tatu ni watu asiowajua anaozungumza nao kupitia vipokea sauti huku wanacheza. Hapo mzazi una haki ya kujua ni nani.

Halafu kuna namba. Gemu kubwa zina alama ya umri. Kwa mfumo unaotumika Ulaya, GTA V imepewa 18, yaani ni ya watu wazima. Kwenye kasha imeandikwa waziwazi, na kwenye duka la programu la simu alama ya umri hukaa kwenye ukurasa wa gemu husika. Kwenye mabanda ya gemu ya mitaani hakuna anayeuliza umri wa mtu. Anayeulizwa ni hela.

Jambo dogo ambalo wazazi wengi hawalijui: gemu za mtandaoni haziwezi kusimamishwa katikati. Mechi moja ya PUBG inaweza kufika nusu saa, na mtoto akitoka anawaacha wenzake watatu pungufu, kama mchezaji anayetoka uwanjani bila kuaga. Ukimnyang'anya simu hapo, ghadhabu utakayoiona haitokani na ukatili wa gemu. Mwambie kabla hajaanza, "Hii ndiyo mechi ya mwisho," na ikiisha pokea simu. Nyumbani kwa dada hilo peke yake limepunguza kelele za jioni. Sasa simu inalala chumbani kwa wazazi, na hela ya chakula mama amezungumza na mwalimu mkuu, ana kwa ana, mzazi wa yule mtoto mwingine akiwepo.

Shemeji bado ana swali lake, na ni la kweli: "Nisipompiga, nimfanye nini akikosea?" Ustawi wa jamii niliozungumza nao huanza na adhabu inayofanana na kosa: amekosea kwa simu, akose simu kwa siku zinazojulikana, ameumiza mtu, aende akaombe radhi na asaidie kugharamia matibabu kwa kazi au kwa akiba yake. Na mtoto aelezwe kabla, si wakati una hasira. Kwa anayehitaji msaada zaidi ya hapo, au mtoto anayepigwa nyumbani au shuleni, ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Kupiga ni bure.