BETRI NAYO HUPUMUA

Mwaka huu nilitarajiwa niandike juu ya uzalendo, lakini nikaona wenzangu wa kidato cha nne wamelishika somo hilo barabara. Nikaomba ruhusa niandike juu ya jambo lililonikosesha usingizi tangu muhula wa pili, nalo ni betri inayofura. Msicheke kwanza.

Bila shaka umewahi kuiona. Simu ya mtu imelala mezani lakini haitulii, inayumbayumba kama mashua kwa sababu mgongo wake umetuna. Ama kioo kimejiinua upande mmoja hata mwanga unachungulia kutoka ndani. Kwetu Voi watu husema ati simu ina mimba, wanacheka, wanaifunga kwa raba bendi na maisha yanaendelea. Ukiuliza sababu utaambiwa betri ni feki ama imezeeka. Huenda ni kweli. Lakini mimi nimekuja kuamini kwamba mara nyingi kosa si la betri peke yake, ni la yule aliyeijengea nyumba. Betri hupumua, jamani, na nyumba yake lazima iwe na nafasi.

Nieleze nilivyofika hapo. Nyumbani kwetu stima haijaingia, na mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hiyo hakuna prepu ya shuleni ya kunifaa. Tegemeo letu ni taa ya sola. Jioni mama huiweka kwenye meza yake ya viazi karai kando ya barabara hadi saa tatu, kisha inarudi nyumbani, nami na dadangu tunaigombania hadi saa tano. Taa hiyo ilinunuliwa mjini kwa shilingi 2,800, ikiwa na dhamana ya mwaka mmoja. Haikumaliza miezi minane. Tuliona ufa mwembamba kwenye kava la nyuma, na baada ya siku tatu ufa ule ukawa unaingia ukucha.

Mama akaibeba hadi dukani. Yule bwana akaigeuza mara mbili tu, akasema, "Mama, hii mmeiangusha. Dhamana haihusiki na kuangusha." Mama akamwambia haijaanguka hata siku moja. "Basi watoto wameiangusha ukiwa kazini." Wateja waliokuwa pale wakageuka kutazama. Wiki nzima tulisoma kwa koroboi, na aliyewahi kuamka na masizi puani ananielewa. Hata hivyo kilichoniuma si moshi. Kilichoniuma ni mama kufanywa mwongo mbele ya watu.

Mjomba wangu ni fundi wa simu na kibanda chake kiko karibu na steji. Jumamosi nikampelekea.

"Mjomba, hii imeanguka?"

Hakunijibu upesi. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye ufa. Akaniambia kitu kilichoanguka huwa na alama ya pale kilipogonga, kwa kawaida kwenye pembe. Taa yetu haikuwa na hata mkwaruzo wa pembeni, na kingo za ufa zilikuwa zimegeukia nje, kama ganda la mbegu inayoota. Akalegeza skrubu nne pole pole, na ile ya mwisho ilipotoka kava likaruka lenyewe. Ndani mlikuwa na betri bapa, ile ya mfuko laini wa foili, imetuna katikati kama mto wa kulalia.

"Usiiguse," akasema, "na mtu asikudanganye ukaitoboa kwa sindano ati kuitoa upepo."

Alikata waya mmoja akaufunga selotepu, ndipo akakata wa pili, kisha akaiweka betri nje kwenye mkebe wa mchanga. Lakini kabla ya hapo alinionyesha maandishi mgongoni mwake: 605080. Kumbe namba hiyo husomeka! Tarakimu mbili za kwanza ni unene, yaani milimita 6.0, halafu upana wa milimita 50, halafu urefu wa milimita 80. Nikatoa vernia niliyoazima maabara (niliitia sahihi, msije mkaniita mwizi) nikapima chumba cha betri ndani ya taa, kutoka sakafuni hadi kwenye mbavu za plastiki za kava. Milimita 6.1. Yaani betri iliachiwa sehemu moja ya kumi ya milimita! Tena ilikuwa imebandikwa gundi chini na juu.

Mtu atasema, 6.0 ndani ya 6.1 inaenea, shida iko wapi? Hilo ndilo swali nililomwuliza mwalimu wa fizikia, naye akanipa jibu la walimu wote: kapime. Basi mjomba akaniazima betri mpya ya simu, bapa vile vile, nasi tukatumia mikromita ya skrubu tuliyofundishwa kidato cha pili na ambayo wengi wetu tuliisahau siku ya pili yake. Betri ikiwa karibu tupu tulipata 5.02. Tukaichaji ikajaa, tukangoja ipoe, tukapima pale pale palipotiwa alama ya kalamu, tukapata 5.15. Ilipotumika ikaisha, ikarudi 5.03. Tulirudia mara tatu na hadithi ikawa ile ile.

Tofauti ya 0.13 ni kama nywele mbili zikilaliana. Kidogo sana, sivyo? Lakini ni asilimia 2.6 ya unene wake. Ukiipeleka asilimia hiyo kwenye betri ya taa yetu unapata karibu milimita 0.16, na nafasi iliyokuwapo ni 0.1. Kwa hesabu hiyo, kila siku jua lilipoijaza, betri ikiwa bado mpya na haina ugonjwa wowote, ilikuwa inausukuma ukuta wake.

Inatanuka kwa nini? Ndani ya betri ya lithiamu upande mmoja kuna grafaiti, ndugu wa ile iliyo ndani ya penseli yako. Grafaiti imepangwa karatasi juu ya karatasi, mfano wa kurasa za jarida hili. Unapochaji, ayoni za lithiamu husafiri kutoka upande wa pili na kujipenyeza katikati ya zile kurasa, nazo kurasa huachana kidogo ili kuzipisha. Grafaiti ikishiba lithiamu hutanuka kwa asilimia 10 hivi. Betri nzima haifiki hapo kwa sababu grafaiti ni sehemu tu ya unene wake. Ukiitumia simu, lithiamu hurudi ilikotoka na kurasa zinalala tena. Huko ndiko kupumua ninakokusema. Siku hizi watengenezaji wengine huchanganya silikoni kidogo ili betri ibebe umeme mwingi zaidi, na silikoni ikijaa lithiamu yaweza kuwa zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake wa awali. Kwa hiyo shida hii haiondoki kesho.

(Kwa wapenda historia: kampuni ya Sony ndiyo iliyoziingiza betri hizi sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97! Babu yangu ana 71 na anasema amechoka.)

Kuna kufura kwa pili, na huko hakuna kurudi. Betri ikipata joto kali, ikichajiwa kupita kiasi, au ikizeeka tu, ile elektrolaiti iliyo ndani huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi, na baadhi ya gesi hizo zinashika moto. Mfuko wa foili hauna pa kuzitolea, basi unatuna. Ukiutoboa, sindano yaweza kuziunganisha tabaka ambazo hazitakiwi kugusana, na moto ukawaka mkononi mwako. Hapo ndipo nilipomkasirikia zaidi aliyebuni taa yetu. Paneli ya jua ameibandika juu ya taa yenyewe. Maana yake, ili taa ipate chaji lazima na betri ianikwe pamoja nayo juu ya mabati, na jua la Voi mnalijua. Waya wa mita tatu tu ungaliiacha betri ndani ya nyumba kivulini.

Msidhani haya ni ya taa za bei ya chini peke yake. Mwezi wa Agosti 2016 kampuni ya Samsung ilitoa simu ya fahari iitwayo Galaxy Note 7. Kabla ya wiki kadhaa kupita baadhi zikaanza kushika moto, na mapema Septemba ikatangaza kuzibadilisha, zote zikiwa karibu milioni 2.5. Zile za kubadilisha nazo zikawaka, na Oktoba utengenezaji ukasimamishwa kabisa. Januari 2017 kampuni yenyewe ikaeleza ilichokipata. Simu zilikuwa na betri za watengenezaji wawili. Kwa yule wa pili, tatizo lilikuwa vinundu vilivyoachwa na kazi ya kuchomelea. Lakini kwa yule wa kwanza, mfuko wa betri haukuacha nafasi ya kutosha kwenye pembe ya juu upande wa kulia, na tabaka za ndani zikapindwa pale. Pembe moja tu! Nilipoisoma habari hiyo niliilinganisha na hesabu zangu za 6.1, nikajua si mimi niliyepagawa.

Sasa, dawa si kuiacha betri ichezecheze ndani ya boksi lake. Mwanzoni mimi na wenzangu tulifikiri hivyo, mjomba akatukatiza. Betri iliyolegea hugongwa barabarani, waya zake hukatika, na zaidi ya hayo tabaka za betri bapa hupenda kubanwa kidogo, tena sawasawa kila mahali, ili zisiachane. Kwa hiyo anayebuni hutafuta katikati. Wapo wahandisi wanaoshauri kuacha asilimia 10 ya unene kwa betri bapa, yaani milimita nusu hivi kwa betri ya milimita tano. Gundi huwekwa upande mmoja tu. Kuta huwa laini, bila mbavu wala ncha ya skrubu inayoielekea. Kwenye magari ya umeme, ambako betri hupangwa nyingi mfululizo, huwekwa vipande vinavyobonyea kama sponji katikati yake na bamba imara kwenye ncha mbili. Fikiria betri kumi tu kama ile tuliyoipima: kila moja ikiongeza 0.13, safu nzima inasogea milimita 1.3, na huo ni mwendo wa kuvunja plastiki. Betri za duara, zile za kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, zina kopo la chuma linalostahimili msukumo, na upande mmoja lina kitundu kilichofungwa ambacho hufunguka gesi ikizidi. Mafundi wengine huziba upande ule kwa gundi nzito ili pakiti ipendeze. Wanaziba pua.

Mjomba alitutengenezea taa yetu kwa betri mbili za duara, na paneli akaitoa ikakaa peke yake juu ya mabati na waya wake. Tukarudi dukani, mama, mimi na vernia. Nilimpimia yule bwana mbele ya wateja wake. Alitazama, akajikuna shingo, akasema atamwuliza wakala wa Mombasa. Hadi ninapoandika haya hajapiga simu, na zile 2,800 hatujaziona. Ila neno la kuangusha hakulirudia.

Kwa maonyesho ya sayansi ya mwaka huu sisi watatu tunatengeneza kisanduku cha betri nne bapa za milimita 6.0. Jumla ni 24, tukaongeza 2.4, tukakifanya chumba kuwa 27 ili sponji nayo ipate mahali. Ukuta mmoja haukugongomewa. Unateleza, ukisukumwa na springi nne za kalamu ya wino. Betri zikitanuka kwa kawaida yake, ukuta unarudi nyuma kidogo kisha unakuja. Zikitanuka kupita mstari tuliouchora, ukuta unabonyeza swichi na chaji inakatika yenyewe. Swichi inafanya kazi. Springi za kalamu ndizo zimeonekana dhaifu, zinalala hata kabla ya chaji kufika nusu. Mwenye springi imara zaidi, fupi na isiyozidi unene wa kidole, atuone maabara ya fizikia siku ya Jumatano baada ya michezo.