Mfarishi Wenye Picha ya Lamu

Mwaka jana, katika Mfunguo Tano, alinijia nyumbani Mombasa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ambaye kwa miaka mingi anakaa na mumewe mjini Leicester, Uingereza. Baada ya kunibusu mkono na kuulizana hali, alitoa mfarishi mkobani akautandaza juu ya busati. Akasema, "Mjomba, nataka kujua kama wafaa kutundikwa ukutani."

Nilidhani ni kitu cha kitandani. Nilipovaa miwani niliona Lamu.

Huenda wasomaji wengi hawaujui ufundi huu. Mfarishi una tabaka tatu: juu vipande vya nguo vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na uzi hupenya zote tatu. Huko aliko wako wanawake ambao kwa vipande hivyo hufanya picha ya nchi waliyozaliwa. Kilicho mbali hukatiwa nguo iliyopauka, kilicho karibu nguo iliyokoza, na jicho hudanganyika likaona masafa. Yeye alikata nguo za mamake. Zile nzuri tulizitoa sadaka alipofariki. Hizi ni zilizochakaa. Leso iliyochujuka ndiyo mbingu. Gauni la rangi ya mchanga ndilo matuta ya Shela. Vipande vya kijani ni mikoko ya Manda, na mshono wa mawimbi ndio mkondo wa maji uliopo baina ya Manda na Lamu. (Kwa kweli asimamaye ukingoni pa mji hayaoni yote hayo kwa karibu namna hiyo, lakini sikumkosoa.) Upande wa kulia ni nyumba za mawe, daka, na mlango wa kuchonga ulio wazi. Mlangoni amesimama mwanamke, hazidi kidole, buibui lake limekatwa katika buibui lenyewe la dada yangu, na uso umetiwa macho kwa uzi mweusi.

Nikamjibu kama niwajibuvyo wanafunzi. Miti, bahari na majumba havina roho. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya picha alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye baada ya kumtajia onyo la Mtume (s.a.w.) akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Hata Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, uliojengwa na al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala toka 705 hadi 715, ulipambwa kwa vijiwe vya rangi vyenye miti, mito na majumba, wala hamna mtu wala mnyama. Basi Lamu yake yafaa. Yule mwanamke ndiye hafai. Nikamtajia na pazia la Bibi Aisha (r.a.), ambalo Mtume (s.a.w.) hakuridhia litundikwe, likakatwa likafanywa mito. "Nawe fanya hivyo," nikamwambia. "Utandike ukaliwe."

Akanitazama. "Mjomba, nimkalie mama?"

Nina miaka arubaini nasomesha mlango huo, na siku zote mapazia yalikuwa ya watu wengine. Nikamwambia hukumu haifuati machozi. Maneno hayo ni ya kweli, ila niliyasema upesi mno. Akaukunja mfarishi akaenda zake kwa jamaa aliofikia.

Usiku baada ya Isha ndipo iliponijia hadithi ya Abu Huraira (r.a.), iliyoko kwa Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Jibrili (a.s.) aliagiza kichwa cha sanamu iliyokuwa mlangoni kikatwe, ibaki kama umbo la mti. Kichwa tu! Ningemwambia amshushie mamake ukaya usoni, au auondoe ule uso, buibui libaki pale mlangoni. Jambo hili nalijua toka ujana wangu.

Alfajiri nikampigia simu. Alikuwa amekwisha mfumua mwanamke mzima kwa wembe, mshono mmoja mmoja, usiku ule ule. Nilipofika nikaonyeshwa: mlango u wazi, na kwenye kizingiti pamebaki tundu za sindano, zimezunguka kwa umbo lake. Hakunilaumu. Nilimweleza nililolisahau, nikamtaka radhi, akasema, "Yamekwisha, mjomba."

Mfarishi umetundikwa Leicester. Kipande alichokifumua aliniachia mimi. Kimo sandukuni, kimekunjwa, uso ndani.