Osaka ni Karibu, Bangalore ni Mbali

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba mtu ameajiriwa ng'ambo kwa kazi ya kompyuta, na kwamba mwajiri wake humsafirisha huku na huko kwa treni iendayo kasi, bila shaka utamwonea wivu kidogo. Sikulaumu. Lakini hebu jiweke mahali pake kwa siku moja. Wewe ni mhandisi wa programu kutoka Bangalore, kusini mwa India, na makao yako ni Nishi-Kasai, mtaa ulioko katika wilaya ya Edogawa, mashariki mwa jiji la Tokyo.

Wengi wamekutangulia hapo. Wahindi walianza kumiminika mtaani humo karibu na mwaka 2000, wakati mashirika ya dunia nzima yalipohaha kurekebisha programu za zamani zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hofu kwamba mitambo ingeuchukulia mwaka 2000 kuwa ni 1900. Treni ya njia ya Tozai huwatoa hapo moja kwa moja hadi katikati ya jiji penye mabenki na maofisi. Sababu nyingine ilikuwa nyumba. Mwenye nyumba wa Tokyo aghalabu hudai mdhamini, tena hudai fedha za shukrani ambazo mpangaji akishazitoa hazioni tena. Mgeni atampata wapi mdhamini? Nyumba za shirika la umma zilizoko jirani hazidai mdhamini wala shukrani. Leo Wahindi wa wilaya hiyo ni maelfu, na yako maduka yauzayo dengu, bizari na unga wa atta, vitu ambavyo mkazi wa Kisutu hahitaji kuelezwa.

Leo huendi ofisini. Mteja yuko Osaka, nawe umeamriwa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Saa 12.00 asubuhi uko kitini. Safari ni ya kilomita zaidi ya 500, yaani kupita kidogo umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma. Njia hii ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964, mwendo huo ulichukua saa nne; siku hizi huchukua kama saa mbili na nusu, na treni hufikia kilomita 285 kwa saa. Kaa upande wa kulia: ikiwa hakuna mawingu utauona mlima Fuji. Chakula ni tatizo. Ukiwa miongoni mwa Wahindi wasiokula nyama wala samaki, jihadhari na vile vyakula vizuri vya stesheni, kwani mchuzi wa samaki wakavu hutiwa hata ndani ya mboga. Ndiyo maana umebeba chapati zako.

Kwa mteja utatoa kadi yako ya jina kwa mikono miwili, nawe utaipokea ya mwenzako vivyo hivyo na kuisoma kabla ya kuiweka. Ukieleza mpango wako ukajibiwa kwa upole, "Tutalifikiria," usishangilie. Aghalabu maana yake ni hapana. Sisi tuliokwisha kuambiwa "njoo kesho" katika ofisi nyingi hatuhitaji mkalimani kwa neno hilo. Jioni, kabla ya kupanda treni, hapana budi ununue boksi la vitamutamu, kila kimoja kimefungwa peke yake, uwagawie wenzako wa ofisini kesho. Hata Mjapani haoni vema mtu arudi safarini mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wa Nishi-Kasai hulizungumza kwa sauti ya chini. Kibali chako cha kuishi Japani kimefungamana na kazi: ukikaa miezi mitatu bila kuifanya, na huna sababu inayokubalika, serikali yaweza kukifuta. Kibali hicho hukuruhusu kuleta mke na watoto. Baba na mama hawamo, ila kwa wataalamu wachache wa daraja la juu wenye mtoto mdogo, tena kwa masharti. Kwa mila ya Kihindu maiti huchomwa moto upesi, aghalabu siku ile ile au ya pili yake, na mwana wa kiume ndiye auwashaye moto. Msomaji Mwislamu anaijua haraka hiyo. Treni yaweza kukufikisha Osaka na kukurudisha kabla ya usiku wa manane, lakini simu ya msiba ikija, hakuna mwendo utakaokufikisha kwa wakati. Mtoto naye anakua. Mchezoni ni Kijapani, na babu akimsemesha Kikannada katika simu, hujibu neno moja akakimbia. Mke akuuliza mtarudi lini. Kila mwaka umesema mwakani.

Saa 5.00 usiku uko nyumbani, boksi la vitamutamu liko juu ya meza ili usilisahau asubuhi. Bangalore ni saa 1.30 tu, hawajalala. Unapiga simu. Mama atauliza umekula nini, nawe utamwambia chapati. Kisha atampa baba simu, na wewe utasikiliza anavyopumua zaidi kuliko anachokisema.