Kutoka Leba, Sehemu ya 9: "Nesi, Chupa Haijapasuka"



Nimetoka zamu, nimeoga, nimekaa kibarazani hapa Ruangwa. Jirani yangu amewasha tamthilia ndani na nasikia mwanamke anapiga yowe. Wala sihitaji kuchungulia. Chupa imepasuka ghafla, sakafu imelowa, mume anazunguka kama kuku, na kuna bibi mmoja anaagiza maji ya moto (maji yenyewe hatujawahi kuambiwa ni ya nini). Tangazo la sabuni likiisha, mtoto atakuwa kashazaliwa. Tena msafi, mnene, ukimtazama ana miezi mitatu! Na mama yake midomo bado ina rangi.

Kipande hicho nimekiona kwenye ya Kituruki, ya Kifilipino, ya Kihindi, ya Kinigeria, na nimekiona kwenye za kwetu za Bongo. Kilekile. Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki, na leo nawaambia kwa nini.

Wakati huo nilikuwa bado nafanya kazi upande wa Nachingwea, msimu wa korosho. Alikuja binti wa miaka 20, mimba ya kwanza. Alifika Jumapili jioni amekalishwa kwenye bodaboda katikati ya mumewe na dereva, amechoka hadi kuongea hawezi. Uchungu ulimwanza Jumamosi alfajiri. Hesabu mwenyewe masaa. Nikaweka sikio kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, na yalikuwa yanashuka. Sitaeleza yote ya usiku ule, ila mtoto alitoka hana sauti, mlegevu kama kitambaa. Tukamkausha, tukamsugua mgongo, kimya. Tukachukua mfuko wa kupumulishia. Mama zangu, ile dakika moja ya mwanzo wa maisha ya mtoto asiyelia ni ndefu kuliko barabara ya kwenda Dar. Alipokohoa na kulia, mwenzangu wa zamu alikaa chini sakafuni, pale pale.

Asubuhi nikamuuliza binti, kwa upole lakini nina hasira yangu moyoni: mwanangu, kwa nini mlikaa nyumbani muda wote ule? Nilitegemea aniambie nauli, au mkwe, au usafiri. Akanijibu, "Nesi, chupa ilikuwa haijapasuka."

Pesa ya korosho iliyopita ilinunua TV na king'amuzi. Kila jioni ya ujauzito wake alikaa mbele ya tamthilia, na kila mwanamke aliyemwona akizaa mle alianza kwa kupasuka chupa. Kwa hiyo naye akasubiri yake.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki. Bibi yake alikuwepo pale nyumbani. Mmwera wa makamo ya juu, kazaa mara saba. Tangu Jumamosi mchana alikuwa anamwambia, "Huyu mtoto anabisha hodi, twendeni." Wakamwona wa kizamani. Bibi aliyezaa saba akashindwa na mwigizaji ambaye huenda hajazaa hata mmoja.

Sasa nielezeni mama zangu, yule mwandishi wa tamthilia alijifunza wapi kuzaa? Kwenye tamthilia nyingine. Na ile nyingine? Kwenye nyingine ya kabla yake. Ndivyo biashara ile inavyokwenda. Mfano mzuri ni ile ya Colombia ya mwaka 1999, Yo soy Betty, la fea, ya msichana asiye mrembo anayefanya kazi ofisi ya mitindo. Wahindi wakaitengeneza upya mwaka 2003, Wamexico na Wamarekani wakafuata mwaka 2006, na Afrika Kusini nao mwaka 2021 wakatoa ya kwao, uBettina Wethu. Sisemi ni mbaya, mimi mwenyewe ningeangalia! Lakini ukinakili kitu mara nyingi hivyo, unanakili na makosa yake. Ni kama zile fotokopi za fomu: ukitoa kopi ya kopi ya kopi, mwisho mstari wa jina hauonekani.

Sababu naielewa. Kutengeneza mchezo wako kuna kamera, waigizaji, chakula cha watu, mafuta ya gari. Kununua ambao umeshatengenezwa na kuweka sauti za Kiswahili ni rahisi zaidi. Sultan ya Waturuki ilipokuja kwa Kiswahili kwenye Azam, mimi nilikuwa wa kwanza kukaa mkekani, sijifanyi mtakatifu. Hata kwenye vibanda umiza vya zamani filamu zilikuwa za watu wengine. Ila wanaomkumbuka Lufufu watakubaliana nami: yule alichukua filamu ya Wachina akaweka utani wake, methali zake, mpaka ukatoka kibandani unadhani hadithi imetokea Kariakoo. Kuiga kwake kulikuwa na jasho.

Na wapo walioiga wakaokoa watu. Wenye umri kama wangu mtakumbuka Twende na Wakati, Radio Tanzania, kuanzia mwaka 1993. Najua ilikuwa redio siyo TV, nivumilieni. Mbinu yenyewe waliazima Mexico, kwa mtu anaitwa Miguel Sabido aliyetengeneza tamthilia za kufundisha uzazi wa mpango miaka ya 1970. Mbinu ya kuazima, lakini waliyemweka ndani alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu nyumbani na watoto. Nani hamjui Mkwaju? Kila kijiji kilikuwa na wake! Mkoa wa Dodoma waliuacha bila kipindi hicho hadi mwaka 1995 ili watafiti walinganishe, na wakakuta kule kilikosikika watu walianza zaidi kutumia uzazi wa mpango. Watoto wenu pia wana Akili, yule binti anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ametengenezwa Dar na watu wetu. Kwa hiyo tusiambiane kwamba haiwezekani.

Na mimi je? Kliniki nilimwambia dalili za uchungu yule binti, nina uhakika nilimwambia. Nilizitaja kama mtu anayesoma orodha ya duka, foleni ikiwa imefika mlangoni. TV ilimpa saa mbili kila siku na muziki juu yake. Mimi nilimpa dakika tano na mgongo unauma.

Leo sina foleni. Nisikilizeni vizuri.

Uchungu mara nyingi huanza taratibu: tumbo linakaza, linaachia, linakaza tena, na kadiri muda unavyokwenda yanakaribiana na kuzidi nguvu. Unaweza kuona ute mzito wenye damu kidogo. Chupa kupasuka kabla ya uchungu kunawapata karibu mama 1 kati ya 10 tu. Hao wengine wengi chupa hupasuka uchungu ukiwa umeshakolea, wengine inapasuka mtoto yuko mlangoni kabisa. Kwa hiyo usiisubiri. Na ikipasuka, hata kama huna maumivu yoyote, njoo siku hiyohiyo, na uangalie rangi ya maji: yakiwa ya kijani au yana damu, usisubiri hata chai. Mimba ya kwanza, uchungu uliokolea unaweza kufika hata masaa 12, siyo tangazo moja la sabuni.

Na haya hayahitaji uchungu wala chupa: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja tu, ni bodaboda, ni jirani mwenye gari, ni chochote. Sisi wa vijijini huku, kama kwako ni mbali na mvua zinaharibu njia, sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki mbili tatu kabla ya tarehe yako.

Nirudi kwa bibi. Alikaa na mjukuu wake wodini, na usiku wa pili umeme ukakatika, TV ya ukutani ikazima katikati ya tamthilia, wodi nzima ikaguna. Mama mmoja akamtania: bibi, tupe wewe basi. Bibi akaanza kusimulia alivyomzaa mama wa yule binti, njiani, mumewe akimkokota kwenye baiskeli kutoka shamba la ufuta, na wifi yake ametangulia mbele na kibatari anaimba ili fisi wasisogee. Kuna sehemu tulicheka mpaka wenye nyuzi wakamwomba apunguze. Kuna sehemu hakuna aliyecheka.

Alipofika pale tairi lilipopasuka, umeme ukarudi. Mama wa kitanda cha mwisho, aliye karibu na swichi, akanyoosha mkono akaizima TV.

Wenye bibi zenu hai, waulizeni leo walivyowazaa mama zenu, halafu mniandikie. Nitazisoma nikitoka zamu ya usiku kesho.